Mtihani wa Beseni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa ya darasa, nimevaa viatu vya darasa, nikakumbuka hakuna darasa. Mafunzo yaliisha wiki iliyopita. Cheti ninacho, kimelala chini ya godoro kisije kikajikunja. Mimi sasa ni mhudumu wa dharura kamili. Ninachokosa ni dharura.

Nimelikumbuka darasa letu mpaka nimejionea haya. Harufu ya spiriti. Madirisha yasiyofunga. Mzee Mpira, ile sanamu yetu ya mazoezi, tuliyembonyeza kifua mpaka akawa analia kwi, kwi. Zamani nilimwona kero. Leo ningempa mkono.

Saa nne, simu. Kituo cha magari ya wagonjwa, kile kile alichofanyia kazi marehemu Baba! Ipo nafasi moja ya kukaa nyuma na mgonjwa. Usaili ni Ijumaa. Tumeitwa wawili tu: mimi na Kinyozi.

Kinyozi! Mtu aliyeacha mkasi akaja kujifunza bandeji, na mkufunzi kila siku akimsifu kwa utulivu wa mikono. Utulivu gani? Maisha yake yote ameshika vichwa vya watu, ataachaje kuwa mtulivu? Tulikaa dawati moja tangu siku ya kwanza. Ni rafiki yangu wa chanda na pete. Lazima nimshinde.

Nimemweleza mke wangu. Amefurahi kidogo, halafu akanikumbusha kwamba kaka yake ameniwekea kigoda katika duka lake la vifaa vya ujenzi, nikae nipime misumari. Amesema baada ya wale kware wa kufuga, baada ya yale machujio ya maji ya kuuza, baada ya kupiga picha arusi nzima bila kufungua kifuniko cha lenzi, hii ndiyo kazi ya mwisho atakayoniombea dua. Nikikosa nafasi hii, ni misumari. Shemeji ameshaandika jina langu kwenye kigoda. Kwa rangi ya mafuta!

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumbukumbu.

Mkuu wa kituo ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kusikika yadi nzima. Ujanani alikaa nyuma ya gari la Baba miaka mingi. Baba akiendesha, yeye akiuguza. Basi nimechukua picha ya Baba amesimama kando ya gari lake, nimevaa shati la rangi ile ile, nimechana nywele upande kama yeye. Nilitaka Mkuu anitazame tu, machozi yamlengelenge, nafasi iwe yangu kabla Kinyozi hajatoka kitandani.

Amenitazama. Hakikulengalenga kitu. Ameniuliza kama mimi ndiye fundi wa paa.

Nilipojitambulisha alicheka sana. Picha aliishika kitambo, akaipangusa kwa mkono wa nguo yake. Akasema Baba alikuwa akiyakwepa mashimo ya barabarani mpaka wagonjwa wanalala usingizi. Moyo wangu ukaanza kucheza ngoma. Kisha akasema kwamba mtoto wa dereva au mtoto wa waziri, wote watapita kwenye beseni.

Beseni? Kumbe kituo kina mtihani wake wa tangu enzi. Beseni pana, limejaa maji hadi ukingoni, linawekwa juu ya machela. Waombaji wanalibeba wawili wawili, kutoka ghorofa ya tatu mpaka lilipo gari. Maji ndiyo mgonjwa. Yakimwagika, mgonjwa ameumia. Mkuu anasimama chini anatazama nani anatikisa na nani anatikiswa.

Wawili wawili! Yaani mimi na Kinyozi, machela moja, nafasi moja. Nani aliyebuni ukatili huu?

Nimetoka kwa kupitia yadi. Gari la Baba liliuzwa chakavu siku nyingi, lakini pale lilipokuwa likisimama bado kuna doa la oili. Nimesimama hapo. Zamani mchana alikuwa akipita nalo nyumbani kula. Akifika kona anagusa king'ora mara moja tu, kidogo, ili Mama aanze kupakua. Sisi watoto tunatoka mbio, tunashindana nani atakuwa wa kwanza kugusa mlango wa nyuma. Ulikuwa wa moto kwa jua na tuliugusa hivyo hivyo. Nimesimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotewa na kitu. Nikamjibu ndiyo. Mtu mwema sana, akainama akaanza kunisaidia kutafuta.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: mazoezi ya siri.

Machela, mlango wa stoo. Beseni, la kufulia. Ngazi, zetu za nje. Mke wangu mbele, mimi nyuma, Mama amekaa chini kwenye kiti awe mwamuzi. Tulianza vizuri. Katikati ya ngazi mke wangu akamwona jirani yetu, Fundi Cherehani, akasimama kumsalimia. Mimi sikusimama.

Maji yote kwa Mama.

Nilidhani atanitoa roho. Badala yake alikaa pale pale amelowa chapachapa, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema nyumba hii haijacheka hivi tangu Baba yenu aondoke. Nikamletea taulo. Akajipangusa macho tu, nywele akaziacha. Mke wangu amejiuzulu nafasi ya mbele na amesema hataki barua ya shukrani.

Alasiri akaja Kinyozi mwenyewe. Hoja yake ni kwamba mtihani ni wa watu wawili, hivyo afadhali tufanye mazoezi pamoja. Ujanja huo! Anataka kuusoma mwendo wangu. Nikamwambia nina homa kali, nikajitupa kitandani.

Kosa kubwa. Nilisahau kwamba naye ana cheti.

Alinipima joto. Alinishika mapigo. Alinimulika macho kwa tochi. Aliniuliza maswali yote tuliyofundishwa, mpaka lile la choo, mke wangu amesimama mlangoni anasikiliza kwa raha zake. Kisha akanilaza kwa ubavu, akanifunika blanketi zito, jua la saa tisa nje, akaketi kando kungoja nitoke jasho. Nikatoka.

Tukaanza kukumbuka darasa. Siku mkufunzi alipomfunga mwenzetu bandeji kichwa kizima, kengele ya chai ikalia, tukaondoka wote tukamwacha amekaa anangoja. Siku umeme ulipokatika, nikampulizia Mzee Mpira pumzi za uhai kwa bidii zote, kumbe nalipulizia begi la Kinyozi. Tumecheka mpaka blanketi likaanguka. Kinyozi akasema, "Ningejua litaisha upesi vile, kaka, nisingekuwa nakimbilia nyumbani kila jioni." Nilitaka kumwambia hata mimi. Nikasema homa inapanda.

Ameahidi kuja kunitazama tena. Adui gani huyu anayemletea mtu machungwa?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa tatu, na ndiyo wenyewe! Nimeupata bila kutoka jasho.

Asubuhi nimemkuta Fundi Cherehani anapika wanga wa kukazia kola za mashati. Anakoroga sufuria huku anaongea na kunitazama mimi, hatazami sufuria kabisa, na hakuna tone lililoruka. Nikamwuliza mbona haumwagiki. Akasema wanga ukishaiva unatulia, huwezi kuumwaga hata kwa fitina.

Niliganda pale. Maji mazito hayamwagiki!

Hesabu zangu ni hizi. Kinyozi hatajua. Atashuka zile ngazi amebana pumzi, magoti yanagongana, jasho linamtiririka. Mimi nitashuka nikipiga mluzi. Mkuu ataona kwa macho yake nani ana moyo wa kazi. Nimejiuliza kama ni haki. Nimejijibu kwamba hata Kinyozi atafaidika, maana maji hayatamwagika upande wake pia. Kwa hiyo huu si udanganyifu. Ni ukarimu.

Nimepika jagi zima. Mke wangu ameuliza ninampikia nani uji usio na sukari. Nimesema mgonjwa. Si uongo, maji ndiyo mgonjwa.

Jioni nimekwenda kituoni, jagi ndani ya koti. Mlinzi amenipokea kwa huzuni akaniambia bado hajakiona nilichopoteza. Nikamwomba nitazame na ghorofani. Beseni lilikuwa limeshawekwa tayari ghorofa ya tatu, mwanzo wa ngazi, jeupe, la enameli, limejaa. Hujazwa siku moja kabla, eti maji yatulie. Nikachota kiasi, nikamimina wanga wangu, nikakoroga kwa rula. Yakawa meupe, lakini beseni nalo ni jeupe. Hakuna atakayejua.

Nilipokuwa nashuka nilipita ile korido ya vyumba vya wahudumu. Bado wanatundika makoti kwenye misumari ile ile. Baba alinileta hapa siku moja nikiwa mdogo, akanipandisha begani nilitundike koti lake. Nimeugusa ule msumari. Nimemwambia, kimoyomoyo, kwamba kesho nitatundika la kwangu. Nikajisikia vibaya kidogo kwa sababu ya jagi. Ikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mtihani ulikwenda kama nilivyopanga, mpaka ulipokwenda vizuri kupita kiasi. Kinyozi mbele, mimi nyuma. Yeye anashuka polepole, taratibu, amekunja uso. Mimi napiga mluzi. Ghorofa ya pili nikanogewa, nikatazama dirishani, nikajikwaa. Machela ililala upande. Beseni lililala upande. Maji hayakulala. Yalitikisika mara moja, yote kwa pamoja, kama tumbo la mtu anayecheka, yakatulia. Kinyozi akayatazama maji, akanitazama mimi.

Chini Mkuu alizunguka machela, akainama kutafuta tone. Hakuna! Akasema katika miaka yake yote hajaona beseni likifika kavu hivi. Nilishaanza kuvimba kichwa. Ndipo akasema haya, malizieni.

Malizieni nini? Kumbe kuna desturi ya pili ambayo hakuna aliyeniambia. Maji yaliyofika salama ndiyo yanayooshea kioo cha mbele cha gari. Ndiyo kazi ya kwanza ya kila anayeingia kituoni. Mkuu akaenda ofisini, sisi tukaachiwa sponji.

Ningefanya nini? Nikaosha. Kinyozi naye akaosha, huku akinong'ona kwamba maji haya yana lishe. Gari liko juani. Kioo kikaanza kuwa na ukungu, ukungu ukawa maziwa, maziwa yakawa ukuta. Nikakimbilia bomba la yadi. Halitoi maji tangu asubuhi! Nikawasha wipa. Zikatembea nusu, zikanasa pale pale, zimekaziwa kama kola.

Wakati huo huo Mkuu akatoka mbio. Simu imepigwa, jengo la mtaa wa nyuma ya kituo, mama mmoja ameanguka ghorofa ya juu, mguu umevunjika. Gari la pili liko mbali. Akaliona la kwanza, kioo cheupe pe.

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimecheza na kioo, na upande wa pili wa kioo kulikuwa na mtu. Sikuwaza hilo hata mara moja tangu nikoroge jagi. Niliona aibu ya kweli.

Kinyozi akasema ni karibu, twende kwa miguu. Tukabeba machela, tukakimbia. Mkuu nyuma yetu na mfuko wa vifaa.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mwili mkubwa, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, anatuamuru sote. Akasema hataki kubebwa, tutamwangusha, ngazi zenyewe nyembamba, yeye anajua pembe. Lakini mdomo ulikuwa unamtetemeka. Kinyozi akapiga magoti, akafunga mguu kwa banzi za mbao kwa ile mikono yake. Mzuri, jamani. Lazima niseme. Mimi sikuwa na la kufanya ila kumshika mkono yule mama, nikaanza kuongea.

Niliongea nini? Kila kitu. Kware wangu walivyotoroka. Picha za arusi zilizotoka nyeusi tupu, bibi arusi akanifukuza na shada la maua. Tulimwinua, Kinyozi miguuni, mimi kichwani, tukaanza kushuka, naye amefumba macho akisema usinyamaze, mwanangu, usinyamaze. Nikamweleza Baba anavyogusa king'ora kwenye kona. Nikamweleza mlango wa moto. Sijawahi kumsimulia mtu. Ngazi zikaisha sijui saa ngapi. Sikuwaza beseni, sikuwaza nafasi, sikumwaza Mkuu.

Gari la pili likafika kumchukua. Mwalimu akauliza king'ora kikilia Mama alikuwa akipakua nini. Wakafunga mlango kabla sijajibu.

Mkuu alipita kidole kwenye kioo cha gari, akakinusa. Akasema tutaonana Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja na kigoda. Amekileta mpaka nyumbani nikizoee. Kina mto! Amesema misumari ni kazi ya heshima, haiumwi, haifi usiku, haina ndugu wa kulia. Nimekikalia. Ni laini mno. Nimejiona nitakavyozeekea hapo, nikipima inchi mbili, inchi tatu, na kila gari la wagonjwa likipita nje natoa kichwa mlangoni.

Mama amekaa nami. Nimemwambia sikutaka kazi kwa ajili ya mshahara tu. Nilitaka kukaa ndani ya lile gari. Akasema anajua.

Kinyozi amepita. Hakuuliza kuhusu wanga. Ameleta machungwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu alituita ofisini wote wawili. Kwanza akampa Kinyozi nafasi. Nilitegemea hivyo, lakini habari iliponifikia masikioni iliuma. Nikampa Kinyozi mkono. Akang'ang'ania mkono wangu, akamwambia Mkuu kwamba huenda aliyeyaharibu yale maji ni yeye, huenda alikuwa na mafuta ya nywele mikononi. Mkuu akamwambia anyamaze, yeye amepiga pasi sare za kituo hiki miaka mingi, wanga anaujua. Akamtoa nje.

Tukabaki wawili. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilishatunga na hotuba fupi ya kuaga.

Mkuu akasema nikae. Akaniuliza kama Baba aliwahi kunisimulia siku yake ya beseni. Nikasema hapana, ila ninajua alifaulu, Baba alikuwa mtu mnyoofu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Akasema siku ile Baba aliweka sahani ya bati juu ya maji. Inaelea katikati, inayakandamiza mawimbi, hayaruki. Wakashuka ghorofa zote bila tone. Mkuu wa wakati huo akauliza sahani ni ya nini. Baba, bila kupepesa jicho, akajibu kwamba mgonjwa hajala.

Nikamwuliza yeye amejuaje. Akasema, "Upande wa pili wa machela niliushika mimi." Nafasi ya nyuma akapewa yeye. Baba akapewa ndoo na kitambaa, akaosha magari mpaka siku dereva mmoja alipougua na hakukuwa na mwingine wa kushika usukani. Kuanzia hapo hawakuachana mpaka Baba alipostaafu. Alipofika hapo sauti ikampungua. Akasema mpaka leo akiingia kwenye gari anatazama kwanza kioo cha dereva, kumwona kama ametulia.

Nililia, sikujificha. Maisha yangu yote nimembeba Baba kichwani kama mtakatifu, kila nikianguka najiona nimemwaibisha. Kumbe mlaghai mwenzangu! Sijawahi kumkumbuka kama leo. Kuna maswali mengi ningemwuliza, na hayupo wa kunijibu.

Mkuu akasema yule mwalimu amepiga simu kutoka hospitali, ameuliza yuko wapi yule mwenye maneno mengi. Akasema kumshika mgonjwa mkono hakusomewi darasani. Hivyo nimepewa ndoo na kitambaa, kwa majaribio. Nianze na kile kioo. Majaribio yakiisha, napita tena kwenye beseni, safari hii maji atayajaza mwenyewe, na nikigusa wanga hata wa kola yangu nitamjua yeye ni nani.

Nimekwangua kioo mchana kutwa. Kinyozi ameacha kazi yake nyuma ya gari akaja kunisaidia bila kuombwa. Nimetundika koti kwenye msumari. Mke wangu amemrudishia Shemeji kigoda, mto ameubakiza.

Jioni nimetafakari mwenendo wangu kwa unyenyekevu mkubwa. Nimeona kosa langu lilipokuwa, na sitalirudia kamwe. Wanga! Nani anatumia wanga? Unaganda, unanuka, unaacha ushahidi kwenye kioo. Baba alinizidi akili mbali sana.

Nimemwuliza Mama kama tunayo sahani ya bati ya zamani. Hakuuliza ya nini. Aliinuka akaenda moja kwa moja kabatini.